Waliozaliwa Alhamisi Wanunua Dawa

Katika kanisa la Agbadome hakuna aliyetoa sadaka ya mavuno kwa jina la baba yake. Kila mtu alitoa kwa siku aliyozaliwa. Wa Jumatatu waliitwa kwanza, wakaenda mbele wakicheza hadi kwenye beseni lililowekwa chini ya madhabahu. Wakafuata wa Jumanne, na hivyo hivyo mpaka wa Jumapili, kila kundi na vitambaa vya rangi yake na kelele zake. Na ilikuwapo desturi ambayo wazee walipokezana bila kuiandika mahali popote: siku iliyoshinda kwa wingi wa sadaka ndiyo iliyopewa kauli. Sadaka yote, ya washindi na ya walioshindwa, ilitumika kama atakavyoamua mkuu wa siku hiyo, na asiyeridhika alinung'unika nyumbani kwake.

Kwa miaka mingi kauli hiyo ilikuwa ya Ijumaa. Wa Ijumaa ndio waliojenga mnara wa kengele, wao ndio walionunua matarumbeta, na hawakumwacha mtu asahau. Mkuu wao, Kofi Tsidzor, karani wa posta mstaafu, aliingia kanisani siku ya mavuno akiwa amenyooka kama mlingoti, shati limepigwa pasi hadi kwenye mishono, akiwasalimu watu kama mwenye nyumba anayewakaribisha wageni.

Lakini mwaka huo Alhamisi walikuwa wamelima shamba la pamoja ng'ambo ya mto, kimya kimya, na mihogo yake waliiuza mbali ili habari zisitangulie. Walipoitwa, hawakwenda mbele mara moja. Walisubiri tarumbeta lirudie. Kisha mkuu wao, Yawa Agbeko, mjane muuza vitambaa ambaye mji mzima ulimwita Da Yawa, akainua leso nyeupe, na nyuma yake wakainuka wote, wazee kwa wanawali, wakateremka ujia wa katikati kama mto uliovunja kingo.

"Alhamisi!" akapaza sauti Da Yawa.

"Hatulali!" wakajibu.

Walikwenda mbele mara tatu. Mara ya tatu Kofi Tsidzor alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mchungaji Dotse aliposimama kutangaza, hakuweza kusikika, kwa maana wahesabuji walikuwa wameshamkonyezea mtu mmoja, na mtu mmoja alitosha. Wanawake walimnyanyua Da Yawa juu juu. Watu walipiga vifuniko vya masufuria walivyokuja navyo makusudi.

Akiwa huko juu, kati ya mikono iliyomshika, Da Yawa aliona dari la kanisa likizunguka. Akadhani ni furaha. Waliposhusha miguu yake chini, sakafu nayo ilizunguka, akashika ukingo wa benchi akatabasamu kwa nguvu ili mtu asione. Alijua ni nini. Tangu bei ya vidonge vyake vya presha ilipopanda, alikuwa akivikata kwa wembe, nusu asubuhi hii, nusu asubuhi ijayo, na mara nyingine hata hiyo nusu akaiacha ikae.

Wala hakuwa peke yake. Ugonjwa huo ulikuwa umeingia karibu kila nyumba ya Agbadome, na ndiyo sababu Mchungaji Dotse alikuwa ametangaza mapema kwamba sadaka ya mwaka huo itajaza kabati la dawa la zahanati ya kanisa. Dawa ya mwaka mzima, kwa kila aliyepimwa akaandikiwa. Sasa kauli ya dawa ipi inunuliwe ilikuwa kinywani mwa Da Yawa. Akipatia, angepona pamoja na wenzake. Akikosea, hapakuwa na sadaka nyingine hadi mavuno mengine, na wapo ambao wasingeyaona.

*

Alasiri hiyo, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya akple, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia, ushauri ulimjia Da Yawa kutoka kila upande.

"Mimi sina kauli," alisema Kofi Tsidzor, akijisogezea kiti. "Nimeshindwa, nimekubali. Ila mtu mwenye akili ananunua dawa ya kisanduku cha buluu, ile inayotoka ng'ambo. Nimeinywa miaka sita. Nitazame. Naonekana mgonjwa mimi?"

"Unaonekana tajiri, Efo Kofi," alisema Da Yawa, akimwita kaka kwa lugha yao. "Ya kisanduku cha buluu itatosha watu wangapi?"

"Wachache. Lakini hao wachache watapona kweli!"

"Na wengine?"

"Wengine watawaombea hao wachache."

Watu walicheka, lakini Da Yawa hakucheka. Mchungaji Dotse akasema kwa upole kwamba bohari ya dawa ya kanisa, kule mjini Ho, ilikuwa na vidonge vya aina ile ile, dawa ile ile ndani yake, ila havikuwa na jina la kampuni maarufu, na kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa ndogo mno. Vingewatosha wote.

"Dawa isiyo na jina!" Kofi alitikisa kichwa. "Mchungaji, hata mbuzi wangu ana jina."

Hapo ndipo aliposimama Efo Kwami Ahiable. Huyu alikuwa kaka wa marehemu mume wa Da Yawa, mwenye duka la dawa sokoni, mtu mnene, mkarimu, ambaye alimsomesha binti wa Da Yawa na hakuwahi kumkumbusha. Akaweka mezani kopo la plastiki.

"Shemeji, mimi sisemi sana. Hizi nazileta kwa malori kutoka mpakani. Ni nusu ya bei ya hizo za mchungaji. Kwa fedha hiyo hiyo mnapata za miaka miwili. Onjeni."

"Tuonje?"

"Si ndivyo babu zetu walivyopima dawa? Dawa ni uchungu. Isiyo chungu ni peremende."

Wazee walikubaliana naye mara moja, kwa maana hilo hakuna aliyelipinga Agbadome tangu enzi za mizizi na magome. Vidonge vilipitishwa. Cha kisanduku cha buluu kililambwa na mzee Yao wa Alhamisi, akatikisa mabega. Cha bohari kikalambwa, akasema kina ladha ya chokaa. Cha sokoni kilipogusa ulimi wake alikunja uso wote, akatema, akaomba maji, na alipopata pumzi akasema kwa heshima kubwa, "Hii! Hii ni dawa!"

Ukumbi ulishangilia. Kofi naye alilamba, akakohoa. Efo Kwami alifungua mikono yake kama mtu aliyekwisha kuthibitisha.

Da Yawa aliogopa kelele hizo kuliko alivyoogopa lolote siku ile. "Nipeni hadi Alhamisi," alisema. "Ni siku yetu. Nitasema siku hiyo."

*

Usiku ulipita, na asubuhi alikwenda zahanati. Nesi alimfunga mkono, akasukuma hewa, akasikiliza, akarudia. Kisha akamtazama machoni.

"Mama Yawa, unakunywa dawa zako?"

"Nakunywa."

"Zote?"

Da Yawa alikuwa amelelewa na mama aliyempiga zaidi kwa uongo mmoja kuliko kwa vyungu kumi vilivyovunjika. "Nusu nusu," alisema.

Nesi hakumkemea. Alimwita mgeni aliyekuwa akifungua makasha kwenye chumba cha nyuma, mfamasia kijana aitwaye Senam, aliyetumwa na bohari ya Ho kusaidia kupanga kabati jipya. Senam aliitazama namba ya presha iliyoandikwa, akakaa kwenye benchi karibu yake.

"Mama, na wengine wanakata?"

"Wapo wanaokata. Wapo wanaopokezana na waume zao, leo wewe kesho mimi. Wapo waliohamia za sokoni za Efo Kwami."

"Hao wa sokoni, wanaendeleaje?"

Da Yawa alifikiri. Akamkumbuka Ama mwoka mikate, aliyeanguka mbele ya tanuri. Akamkumbuka Efo Kwami mwenyewe, jinsi anavyofunga kitambaa cha maji kichwani kila jioni na kulilaumu jua. "Wanasema ni nzuri kwa sababu ni chungu," alijibu polepole.

"Uchungu unaweza kutiwa na chochote, Mama. Hata gome la mti. Ulimi haupimi dawa."

"Basi kinachopima ni nini?"

Senam akavuta kutoka chini ya meza sanduku la bati lenye vishikio viwili, akalifungua. Ndani mlikuwa na chupa ndogo, vibamba vyeupe vyembamba, taa, na glasi zilizofungwa kwa pamba. "Bohari inalipeleka kila mahali inakouza," alisema. "Nililileta kupima makasha yetu wenyewe, kabla hatujamwuzia mtu yeyote."

"Mnapima za kwenu?"

"Za kwetu ndizo za kwanza."

Neno hilo ndilo lililomwingia Da Yawa. Alishika vishikio vya sanduku kama mtu anayepima uzito wake. "Alhamisi utalileta ukumbini," alisema. "Mbele ya watu. Ukinipimia chumbani nikatoka nikasema, watasema nimehongwa na mchungaji. Nikinunua ya shemeji, watasema nimembeba ndugu. Na waone kwa macho yao."

"Mbele ya mji mzima?" Senam alishtuka. "Na kama za kwetu zikionekana mbaya?"

"Basi nazo tutaziona."

Efo Kwami alimkuta nyumbani jioni. Hakuketi. "Nasikia unaitia dawa yangu mahakamani."

"Naitia zote, Efo."

"Nilimzika ndugu yangu kwa mikono hii. Nimewahi kukupa kitu kibaya, Da?"

"Hujawahi."

"Sasa?"

Alimpenda mtu huyu, na upendo ulimwambia anyamaze. "Efo, kama ni nzuri, mji mzima utajua Alhamisi, na utauza mpaka uchoke. Una wasiwasi gani?"

"Sina wasiwasi wowote!" alisema Efo Kwami, na lilikuwa kweli, hilo ndilo lililomhuzunisha Da Yawa baadaye.

*

Siku ya Alhamisi ukumbi ulijaa hata watu wakakalia madirisha, kisha ikabidi washuke, kwa sababu taa ya Senam ilihitaji giza. Wanawake walivua vitambaa vyao vya juu wakaziba madirisha navyo, kila siku na rangi yake, na mchana ule wa jua kali ukawa jioni ndani ya kuta nne. Joto lilipanda. Matarumbeta yalikuwapo, ingawa hakuna aliyeyaita.

Juu ya meza Senam alipanga glasi nne za maji ya vuguvugu.

"Kwa nini nne?" aliuliza Kofi Tsidzor kutoka mstari wa mbele. "Dawa si tatu?"

"Ya buluu. Ya sokoni. Ya bohari iliyofika nami wiki hii. Na hii ya nne ni ya bohari pia, lakini nimeitoa kwenye kasha lililobaki hapa zahanati tangu mwaka jana." Alitia kidonge katika kila glasi. "Dawa isiyoyeyuka tumboni ni kama jiwe. Tuangalie."

Walitazama. Nani angedhani watu wangeshika pumzi kwa sababu ya kidonge majini! Cha buluu kilianza kutoa ukungu, na Ijumaa wote wakapiga kelele kana kwamba farasi wao ametangulia.

"Kimeanza! Kimeanza!"

"Na cha mchungaji kimeanza! Angalia, kinapasuka!"

"Pumua, cha buluu, pumua!"

"Wewe, Afi, toa kichwa chako, huoni kwamba hatuoni?"

Kidonge kipya cha bohari kilisambaa chini ya glasi kama unga wa muhogo, na cha buluu kikakifuata nyuma kidogo. Alhamisi walipiga makofi hadi Mchungaji akainua mkono. Kile cha nne, cha kasha la zamani, kilivunjika upande mmoja, kikabaki na kokwa ngumu katikati. Cha sokoni kilikaa vile vile. Senam alikikoroga. Kikagonga glasi, ti, ti, ti, na sauti hiyo ilisikika hadi nyuma.

"Ni kigumu kwa sababu kina nguvu!" alisema Efo Kwami.

"Huenda," alisema Senam. "Maji hayajasema yote. Sasa tuulize kilichomo ndani."

Alisaga vidonge vingine vinne, akavitia kwenye vimiminika vikali vya chupa zake, akachovya sindano butu na kudondosha matone kwenye bamba jeupe, yakiwa yamepangwa mstari mmoja chini. Mwishoni mwa mstari aliongeza tone la tano. "Hili ni dawa safi, ya kupimia. Dawa ikiwemo kwenye kidonge, doa lake litapanda hadi hapa lilipopanda la dawa safi. Isipokuwemo, hakutakuwa na doa."

Bamba likasimamishwa ndani ya mtungi. Kioevu kilianza kulipanda taratibu, kama unyevu unavyopanda kwenye shuka iliyoanikwa. Mzee Yao alianzisha wimbo wa kusubiri, na watu wote wakaupokea kwa sauti ya chini, miguu ikigonga sakafu. Da Yawa hakuimba. Damu ilimpiga masikioni, na alijiambia kwamba hata akianguka hapo alipo, ataanguka baada ya kuona.

Senam akalitoa bamba, akalikausha kwa kulipepea, akawasha taa yake ndogo ya zambarau. Bamba liling'aa kijani. Juu yake, weusi kama wino, yalionekana madoa.

"Hesabu mwenyewe, Mama," alisema.

Da Yawa aliinama. "Hili la dawa safi. Hili la buluu, liko sawa nalo." Ijumaa waliguna kwa furaha. "Hili jipya la bohari..." Alisogeza uso karibu. "Sawa kabisa. Kimo kile kile. Ukubwa ule ule."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipuliza tarumbeta. Kofi Tsidzor alisimama, akaja mwenyewe, akavua miwani, akaivaa, akatazama kwa muda wa mtu anayesoma barua ya mbali. "Mbona ni sawa?" alisema, kama aliyetapeliwa miaka sita na asiyejua amlaumu nani. "Mbona ni sawasawa?"

"Ni dawa ile ile, Efo Kofi. Ulikuwa unanunua na kisanduku," alisema Da Yawa.

"Na hili la sokoni?" aliuliza mtu nyuma.

Da Yawa alitafuta kwa kidole. Palipopaswa kuwa na doa la sokoni palikuwa kijani tupu, safi, kama shamba ambalo hakuna aliyelipanda. Alimtazama shemeji yake. Efo Kwami alikuwa amekwisha kufika mezani, anapumua kwa mdomo.

"Rudia," alisema.

Senam akarudia, bamba jingine, kidonge kutoka kopo jingine ambalo Efo Kwami alilifungua kwa mkono wake. Mara ya pili hapakuwa na wimbo. Taa ikawaka. Kijani tupu.

"Lakini mimi nazinywa," alisema Efo Kwami. Hakuwa akijitetea. Alikuwa anashangaa, kwa sauti ya mtu aliyeamka njiani. "Kila asubuhi. Mimi na mke wangu. Nazinywa hizi hizi, Da."

Walikuwapo waliotaka kumzomea, na midomo yao ilikuwa imeshafunguka. Da Yawa akageuka akawatazama, na ikafungwa. "Nesi," alisema, "mkalishe, mpime." Nesi alipomfunga mkono na kusoma, hakumruhusu atembee kwenda nyumbani, alimpeleka zahanati saa hiyo hiyo, akalala huko.

*

Basi ikabaki kauli. Vitambaa viliondolewa madirishani, mwanga ukaingia, na watu wakaona kwamba hawajamaliza.

"Tumemaliza," alisema mzee Yao. "Nunua ya bohari, Da Yawa, twende tukale."

"Bado kuna glasi ya nne."

Kila mtu alikuwa ameisahau. Da Yawa aliinyanyua, kokwa ngumu ikicheza chini yake; hata doa lake kwenye bamba lilikuwa hafifu. "Hii nayo ni ya bohari. Mbona ni mbovu?"

Senam alikiri bila kupindapinda. "Kasha hilo lilikaa mwaka mzima katika chumba cha zahanati. Kile chumba hakina dari, Mama. Ni bati tupu. Mchana ukiingia humo unaoka. Dawa ilifika nzima, ikaharibika hapa hapa. Nilitaka kuwaambia kabla hamjanunua ya mwaka mzima."

Hapo ukumbi ukagawanyika tena. Wengine walisema inunuliwe kidogo kidogo. Senam akasema lori la bohari haliji kila mwezi, na watakaochelewa watarudi sokoni. Wengine walisema zikatwe fedha za dawa, lijengwe dari.

"Sadaka ilitolewa kwa dawa!" mzee Yao alinguruma. "Mihogo yangu niliing'oa kwa dawa, si kwa mbao!"

"Yao anasema kweli," alisema Da Yawa, na Mchungaji Dotse akamtazama kwa hofu. "Fedha yote itanunua dawa ya bohari. Hata pesewa moja haitaenda kwenye mbao. Tukizikata, wapo watakaokosa, na mimi sitamchagua wa kukosa."

"Na dari?"

Da Yawa alitengeneza kitambaa chake kiunoni taratibu. Alikuwa ameuza vitambaa nusu ya maisha yake, akajua namna ya kumwonyesha mteja kitu kisha kukirudisha rafuni. "Dari nilifikiri kuwaomba wa Jumatano. Ni wachache, lakini wana moyo. Ningewaomba wa Ijumaa, ila nasikia tangu washindwe migongo inawauma."

Kisha kiti cha Kofi Tsidzor kikaanguka nyuma yake.

"Nani kasema migongo inatuuma?"

"Sikumwuliza jina."

"Jumatano! Jumatano hawajajenga hata banda la kuku!" Wa Jumatano walipiga kelele za kupinga. Kofi akazipita kama mtu anayevuka kijito. "Mnara huu nani aliujenga? Tarumbeta hizo mnazopuliza vibaya, nani alizinunua? Nyinyi wa Ijumaa mmekaa mnanitazama nini?"

"Tunakusubiri wewe!" walijibu, wakiwa wameshasimama.

"Mbao ninazo nyumbani, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya jeneza langu," alisema Kofi. "Jeneza lisubiri. Seremala tunao wawili. Kesho ni Ijumaa. Kesho jioni mtu yeyote akiingia chumba kile akasema ni joto, nitamlipa!"

"Kesho?" alisema Da Yawa. "Sijui kama mtaweza."

"Mwanamke huyu!" alipaza sauti Kofi, na hakuna aliyejua kama ni hasira au ni sifa.

Walianza alfajiri. Kutwa nzima nyundo zilipigwa juu ya zahanati kwa mdundo, maana Ijumaa walikuwa wameleta na ngoma, na Kofi Tsidzor, mwenye umri wa kuwa babu wa mtu, alikalia boriti akitoa amri, akakataa kushuka hata kwa chakula. Alipandishiwa akple kwa ndoo na kamba. Jumatano, kwa uchungu, walipaka chokaa kuta bila kuombwa. Wa Jumamosi walizoa makopo yote ya duka la Efo Kwami, kwa ruhusa yake mwenyewe aliyoitoa akiwa kitandani, wakayapeleka kwa wakaguzi wa wilaya pamoja na majina ya wenye malori.

*

Lori la bohari lilifika siku ya soko, saa ya jua kali. Barabara ya zahanati ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo makasha yalipaswa kubebwa kwa kichwa kutoka barabara kuu. Senam aliruka kutoka mbele ya lori akiwa na mikono juu.

"Jamani, jua! Msizianike juani! Subirini jioni!"

Nani angesubiri jioni? Ngoma ilikuwa imeshaanza. Da Yawa alifungua kitambaa chake cha juu akakitandaza juu ya kasha la kwanza, mwanamke mmoja akashika pembe hii na mwingine ile, na mzee Yao akalibeba likiwa kivulini. Vikafunguka vitambaa vingine, vya Jumatatu, vya Jumapili, vya Ijumaa, mpaka njia nzima ikawa paa moja la rangi linalotembea. Kisha mshika mwavuli wa chifu, aliyetumwa na chifu mwenyewe, akaja mbio akizungusha ule mwavuli mkubwa mwekundu wenye pindo za dhahabu, akauinua juu ya makasha yaliyokosa kitambaa. Dawa isiyo na jina iliingia Agbadome chini ya mwavuli wa chifu, matarumbeta mbele, na hakuna mgeni wa serikali aliyewahi kupokewa hivyo.

Mlangoni pa chumba kipya Kofi Tsidzor alikuwa amesimama, ameshika bawaba.

"Ingia, Da Yawa. Ingia useme ni joto."

Aliingia. Palikuwa na harufu ya mbao na chokaa, na ubaridi wa kisima. "Nimekosa la kusema, Efo Kofi."

"Watu wamesikia!" Kofi aliwaambia walio nje. "Amekosa la kusema!"

Nesi alifungua dirisha la kutolea dawa akauliza nani wa kwanza, na sauti zote zikasema Alhamisi, Alhamisi, kauli ni yao. Da Yawa alikuwa ameshashika kingo za dirisha. Bei aliyotajiwa na Senam, ya kulipia mwaka ujao sadaka itakapokwisha, ilikuwa ndogo hata akaiuliza tena. Angeweza kuilipa kila mwezi kwa faida ya vitambaa viwili, na wembe usingehitajika tena katika nyumba yake. Mkono wake ulikuwa mbele. Akaurudisha.

"Wa kwanza ni mwenye presha kubwa kuliko wote," alisema. "Yuko wapi shemeji yangu?"

Efo Kwami alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, mke wake akimshika. Watu wakampasulia njia. Alikwenda polepole, bila kumtazama mtu, mpaka dirishani. Nesi akamhesabia vidonge vyake, na yeye, kwa mazoea ya maisha yote, akakiinua kimoja kuelekea ulimini.

"Efo!" alisema Da Yawa.

"Sionji," alisema Efo Kwami. "Nakunywa." Akaomba maji, akakimeza kizima, na foleni yote ikamshangilia kana kwamba ameshinda mavuno.

"Anayefuata!" aliita nesi, akigonga dirisha. "Anayefuata, na acheni kusukumana! Nimeshasema zinatosha. Zinawatosha nyote!"

Da Yawa akasogea mbele.